Waliandika jina la mjukuu wa Gogo, kisha wakanyamaza

Namba bado iko mlangoni. Tarakimu tatu na mshale mdogo, zimeandikwa kwa maka peni nyeusi juu ya bati la mlango wa Gogo, kule Langas upande wa Kisumu Ndogo. Mvua ya Eldoret unaijua. Imepiga hilo bati misimu yote tangu 2023 na wino umekataa kutoka. Gogo mwenyewe hajawahi kujaribu kuifuta. Kwake hiyo namba ilikuwa risiti.

Walikuja vijana watatu wamevaa reflekta, kila mmoja na kibao cha kuandikia. Wakasema wametumwa na ofisi ya serikali kuhesabu watoto ambao hawaendi shule, na wale ambao wanaenda lakini hawana cheti cha kuzaliwa. Gogo anaishi na mjukuu. Wakati huo alikuwa na miaka minane, sai ana kumi na moja na anasoma shule ya mabati nyuma ya kanisa. Mamake yuko Saudia, anafanya kazi za nyumba, hupiga simu akiruhusiwa. Cheti hakikuwahi kuchukuliwa.

Wakaandika jina la mtoto, umri, shule, jina la mama na namba ya simu ya Gogo. Alipouliza kuhusu cheti, mmoja akamwambia asihangaike, jina likishaingia kwa fomu hiyo mambo ya cheti itafuatiliwa na ofisi. Wakapiga namba mlangoni, wakaingia ploti inayofuata.

Gogo akangoja. Akangoja 2023 yote, akangoja 2024, akangoja 2025. Si ati ni mtu wa kulala. Huyu ni mama anayeamka saa kumi alfajiri kuchemsha githeri ya kuuza. Lakini ukiambiwa na mtu wa serikali kwamba serikali inafuatilia, wewe ukianza kufuatilia pia unaona kama unawaharibia. Sasa mwalimu amemwambia kwamba kijana atahitaji cheti kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa Gredi ya 6. Hapo ndipo Gogo alikuja kwangu na swali moja: "Kijana wangu, wale watu walipeleka wapi jina la mtoto wangu?"

Kwa nini alikuja kwangu? Kwa sababu nashinda saiba ya rafiki yangu karibu na Uganda Road, najazia watu fomu za HELB, za KRA, za eCitizen. Mimi si wakili, na kusema ukweli chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika. Lakini ukijaza fomu za watu miaka minne, unajifunza kitu kimoja kuhusu serikali: kila kitu inachofanya kinaacha karatasi mahali.

*

Nilianza kwa njia ya kawaida, yaani kwenda kusimama kwa kaunta. Ofisi sitaitaja, na yule jamaa niliyemkuta hakuwa mbaya, alikuwa tu amechoka. Nikamweleza habari ya Langas, vijana wa reflekta, namba mlangoni. Akakumbuka mara moja.

"Aah, hiyo ya kuhesabu watoto? Hiyo iliisha."

"Iliisha lini?"

"Iliisha tu. Kitambo."

"Ni nani alisema iishe?"

Hapo akaniangalia vizuri, unajua ile ya kukupima kama wewe ni mwanahabari ama ni msumbufu wa kawaida. "Buda, hiyo faili ilifungwa. Haiwezi kusaidia mtu sasa."

Nikarudi nikitembea hadi saiba nikiwa na hilo neno kichwani. Ilifungwa. Nilikuwa nimelichukua vile sisi wote hulichukua, kama mlango uliopigwa kufuli. Kazi imekwisha, faili imefungwa, nenda nyumbani. Usiku nikawasha simu, nikatafuta sheria yenyewe nikaisoma. Na huko ndani nikakuta kwamba kufungwa kwa faili ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuiomba.

Wacha nieleze pole pole, maana hii ndiyo nyama ya hii stori.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hakisemi mwanahabari, hakisemi wakili, hakisemi mtu aliye na digrii. Raia. Kifungu hicho hicho kinakupa pia haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha kukuhusu zirekebishwe au zifutwe. Halafu Bunge likatunga Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo ilianza kutumika Septemba mwaka huo. Ni sheria fupi. Unaweza kuimaliza ndani ya matatu kutoka mjini hadi Turbo, kama jamu iko.

Inasema unaweza kuomba kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Soma hiyo tena, kwa sababu nimeona watu wazima wakitafuta mtu wa "Kiingereza kizuri" awaandikie barua ya kwenda kwa ofisi ambayo kila mtu ndani anaongea Kiswahili. Inasema kama hujui kuandika, au una ulemavu unaokuzuia, afisa ndiye anapaswa kukuandikia ombi lako. Inasema hawawezi kukunyima kwa kuangalia sababu yako ya kuomba. Udadisi peke yake unatosha. Kuomba ni bure, unalipia tu gharama ya kutoa nakala. Wana siku 21 za kukujibu, na wanaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kama umekosea ofisi, wao ndio wanapaswa kuhamisha ombi lako kwa ofisi iliyo nayo, ndani ya siku tano, si kukuambia "jaribu jengo lile lingine."

Bila shaka kuna vitu vinaweza kufichwa. Kifungu cha 6 kina orodha: usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri za biashara na kadhalika. Katika hiyo orodha mna moja ambayo maofisa huipenda sana: habari ambazo zikitoka zitaharibu uwezo wa ofisi kutafakari jambo ambalo uamuzi wa mwisho bado haujafanywa. Hiyo ina maana yake. Watu wakiwa bado mezani wanajadili, wape nafasi wajadili.

Lakini uamuzi ukishafanywa? Kazi ikisimamishwa, vijana wa reflekta wakiambiwa warudi nyumbani, hiyo sababu imekufa. Huwezi kuniambia jambo limekwisha, halafu uniambie siwezi kuona karatasi kwa sababu bado mnaliwazia. Ni moja kati ya hizo mbili.

*

Kuna watu walishapita hii njia kabla yetu, na ni mbali na Langas.

Kule England, kila muhula shule hujaza sensa ya wanafunzi na kuituma kwa wizara ya elimu. Ni kitu cha kawaida, idadi, umri, masomo. Kuanzia muhula wa Septemba 2016 wakaongeza maswali mawili: mtoto huyu ni raia wa nchi gani, na alizaliwa nchi gani. Serikali ikasema ni za kupanga elimu tu. Wazazi wengine, hasa wahamiaji, wakashtuka. Kuna shule zilianza kuuliza paspoti za watoto, na si za watoto wote.

Walioingia kwa shughuli wakatumia sheria yao ya uhuru wa habari, ambayo iko tangu 2000. Hawakubishana kwa redio, waliomba karatasi. Na mwishoni mwa 2016 karatasi ikatoka: makubaliano kati ya wizara ya elimu na wizara ya mambo ya ndani, ya kupeana habari za watoto hadi 1,500 kwa mwezi ili zisaidie kufuatilia wahamiaji. Hata hizo za uraia zilikuwa zimepangwa kuingia kwa huo mgao kabla kelele hazijaanza. Wazazi wakahamasishana wasijibu yale maswali, mashirika yakaenda kortini, na 2018 wizara ikayaondoa kwenye sensa.

Sasa hapa ndipo nataka uangalie. Maswali yalipoondolewa, mambo hayakuishia hapo. Watu wakaendelea kuuliza. Nani aliamua yaishe, aliandikiwa nini na nani, na yale majibu mlikuwa mmeshakusanya yako wapi? Kwa sababu kuacha kuuliza swali si sawa na kufuta majibu. Ukiacha kuvua samaki leo, wale wa jana bado wako kwa ndoo.

Sisi pia tuna ndoo zetu. Unakumbuka Huduma Namba? 2019 tulipanga laini kupeana vidole na sura. Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema mfumo usiendelee mpaka kuwe na kanuni za kutosha za kuulinda. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema kadi zilizinduliwa kinyume cha Sheria ya Kulinda Data. Baadaye serikali mpya ikaingia ikaleta Maisha Namba. Sijawahi kukutana na mtu mtaani ambaye ameniambia vidole vyake vya 2019 vilienda wapi, na sijakutana na mtu aliyeandika barua kuuliza. Mimi mwenyewe sikuwa nimeandika.

Na kuna mwisho mwingine wa serikali ambao hutangazwa kwa kipaza sauti. 2014 Profesa Jacob Kaimenyi, akiwa Waziri wa Elimu, alipiga marufuku kupanga shule na wanafunzi kwa nafasi katika mitihani ya kitaifa. Uliipenda usiipende, ulijua ni nani alisema, lini, na kwa sababu gani. Watu walibishana naye kwa jina. Ya Langas haikuwa na waziri wala tarehe. Watu walikoma tu kuja.

*

Labda unajiuliza, kwani kuhesabiwa kuna faida gani?

Ni pesa, boss. Shule ya msingi ya umma hupangiwa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sekondari ya msingi ni 15,042, na sekondari 22,244. Mtoto asiyeonekana kwa mfumo haleti hata ndururu. Mfumo ni NEMIS, ambao ulianza 2017, na ili mtoto apewe namba yake humo, anahitaji cheti cha kuzaliwa. Chukua watoto arobaini wa mtaa mmoja ambao wangehamia shule ya msingi ya umma bila cheti. Hiyo ni 56,800 kila mwaka ambayo shule inakosa, na watoto wako darasani, wanakaa kwa madawati, wanatumia chaki.

Upande ule mwingine wa sarafu ni shule na wanafunzi hewa. Mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, ilifika Bungeni ikionyesha pesa zikienda kwa shule ambazo hazipo. Wizara ikaagiza idadi ya wanafunzi ihakikiwe upya, walimu wakuu wakarudi kujaza fomu, na NEMIS yenyewe ikatangaziwa mrithi, KEMIS. Kwa hivyo tuko kwa nchi ambayo mtoto asiyekuwepo anaweza kupata pesa, na mtoto wa Gogo ambaye yuko, anapumua, anapenda Harambee Stars na anachukia sukuma, hayuko.

Ndiyo maana ile hesabu ya mtaani ilikuwa muhimu. Ilikuwa inatafuta hasa wale ambao mfumo hauwaoni. Na ikaisha bila mtu kusema.

*

Nikaandika barua. Nimeulizwa sana nilivyoiandika, kwa hivyo nitaiweka hapa, ukitaka chukua ubadilishe.

Kosa ambalo wengi wetu hufanya ni kuuliza "kwa nini." Kwa nini mliacha? Kwa nini mlitudanganya? Hilo ni swali la hasira, na jibu lake ni aya tatu za maneno matamu kuhusu "changamoto." Sheria haikupi haki ya kupewa maelezo, inakupa haki ya kupewa habari zilizoko. Kwa hivyo omba karatasi, na uitaje kwa jina. Barua yangu ilisema hivi:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za: barua au waraka ulioanzisha zoezi la kuhesabu watoto Langas mwaka 2023, kumbukumbu za mkutano wowote ambapo kusimamishwa kwa zoezi hilo kulijadiliwa, barua au barua pepe iliyowajulisha wahesabuji kwamba kazi imesimama, jumla ya watoto walioandikwa, bila majina yao, na maelekezo yoyote yaliyoandikwa kuhusu fomu zilizojazwa zitunzwe au ziharibiwe vipi. Nikikosea ofisi, naomba ombi hili lihamishwe kama sheria inavyotaka."

Hiyo "bila majina yao" ni muhimu. Ukiomba majina ya watoto wa watu, umewapa sababu halali ya kukunyima, na wako sahihi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mtoto zaidi ya mtu mzima, habari zake hazipaswi kutumiwa bila ruhusa ya mzazi au mlezi. Si mchezo pia: 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Nikachapa nakala mbili. Moja nikawaachia, ya pili nikapigiwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Huo muhuri ndio silaha. Bila muhuri siku 21 hazianzi, unakuwa tu na stori. Yule jamaa wa kaunta alisita kidogo, akauliza kama nimetumwa na mwanasiasa. Nikamwambia nimetumwa na mama wa githeri. Akacheka, akapiga.

*

Siku ya kumi na tisa nikapata jibu kwa barua pepe. Aya moja. Ilisema habari nilizoomba haziwezi kutolewa kwa kuwa jambo hilo bado linatafakariwa na uamuzi wa mwisho haujafanywa.

Nilicheka peke yangu pale saiba mpaka mteja akageuka. Kwa kaunta faili ilifungwa. Kwa barua faili haijafungwa. Ukija na swali la kwanza wanakupa jibu la pili, ukija na la pili wanakupa la kwanza.

Sasa hapa wengi huachia. Mimi pia ningeachia, karibu niachie, kama Gogo hangekuwa anapita pale kila jioni na debe lake tupu akiniuliza, "Wamesema?" Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu hujua kama Ombudsman, ile ya "Hata mnyonge ana haki." Wana tawi hapa Eldoret, huhitaji kupanda basi la Nairobi. Tume inaweza kuagiza ofisi itoe habari. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume anaenda Mahakama Kuu.

Na mahakama zimeshaonyesha hii sheria ina meno. Mikataba ya reli ya SGR ilifichwa miaka tangu 2014, tukiambiwa ni siri kati ya serikali na Wachina. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaenda kortini Mombasa, na tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba kunyima ile mikataba kulikiuka haki ya kupata habari. Novemba mwaka huo jirani yetu wa Elgeyo Marakwet, Kipchumba Murkomen, akiwa Waziri wa Uchukuzi, akaweka baadhi ya hizo stakabadhi hadharani. Kama mkataba wa mabilioni ulitoka, fomu za Langas ni nini?

Nikaandika rasimu ya malalamiko, ukurasa mmoja. Lakini kabla ya kuipeleka nikafanya kitu kidogo: nikaituma kwanza kwa ile ofisi, nikaandika juu kwamba nitaiwasilisha Jumatatu. Na ndani yake nikaweka swali moja tu. Kama uamuzi wa mwisho haujafanywa, basi zoezi linaendelea. Naomba mnijulishe wahesabuji watarudi Langas tarehe gani.

Ijumaa alasiri nikapigiwa simu nipitie.

*

Bahasha ilikuwa na karatasi tatu. Nilitarajia kitu kizito, ufisadi, pesa zimekuliwa, kitu cha kupeleka blogu yangu kwa trendi. Manze, hakukuwa na kitu kama hicho.

Ya kwanza ilikuwa barua ya kuanzisha zoezi. Ya pili, kumbukumbu za mkutano mmoja mfupi. Watu wanane, ajenda sita, ya kuhesabu watoto ilikuwa ya tano. Mstari mmoja: zoezi lisitishwe hadi fedha za usafiri na posho zipatikane. Hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuwaambia wazazi. Mkutano uliofuata, hiyo ajenda haikuwepo tena. Kwa hivyo wote wawili walikuwa na ukweli fulani, yule wa kaunta na yule wa barua. Hakuna aliyewahi kuamua liishe. Lilisitishwa, likasahaulika, na kusahaulika kukageuka kuwa uamuzi.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Ilikuwa noti ya mkono, nusu ukurasa, ikisema fomu zilizojazwa zimewekwa stoo kwa magunia, na kwamba hazikuingizwa kwa kompyuta. Jumla ya watoto haikujulikana kwa sababu hakuna aliyezihesabu fomu. Walihesabu watoto, kisha hawakuhesabu hesabu yao.

Jina la mjukuu wa Gogo halikuenda popote. Liko ndani ya gunia, mjini hapa hapa, mwendo wa boda ya shilingi mia.

Nilimsomea jioni hiyo, kwa Kiswahili chepesi, tukiwa tumekaa nje ya mlango wake. Nilidhani atalia ama atatukana. Alinyamaza muda, akauliza, "Kwa hivyo hakuna mtu anakuja?" Nikamwambia hapana, Gogo, hakuna mtu anakuja. Akasema, "Hiyo tu ndiyo nilikuwa nataka kujua." Kesho yake asubuhi hakupika githeri. Alitoa kadi ya kliniki ya mtoto kutoka ndani ya Biblia, ilikuwa hapo miaka yote, akaenda kwa chifu kuanza safari ya kusajili uzazi uliochelewa. Si rahisi. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi sita, ukipitisha hapo ni barua juu ya barua, na wanataka kitambulisho cha mama, na mama yuko Saudia. Tumempata kwa WhatsApp, ametuma picha ya kitambulisho, wamesema picha haitoshi. Hapo ndipo tumefika.

Kuna kitu kinanisumbua kuhusu hiyo bahasha. Hizo karatasi tatu hazikumpa Gogo cheti. Lakini miaka mitatu alikuwa amekaa kwa sababu hakuwa na karatasi moja ya kumwambia asimame. Kama mtu angebandika ule mstari wa kumbukumbu kwa ukuta wa chifu mwaka huo huo wa 2023, mtoto angekuwa na cheti kabla ya Gredi ya 4. Sheria ya 2016 inasema ofisi za umma zinapaswa kutangaza habari muhimu zenyewe, pamoja na maamuzi yanayogusa watu, bila kungoja kuombwa.

Nimeandika barua ya pili. Safari hii tumeiandika mimi na Gogo, kwa jina lake kama mlezi, na ameweka kidole gumba. Tunaomba nakala ya fomu ya mjukuu wake peke yake, na tunauliza yale magunia yatakaa stoo hadi lini na funguo ni za nani, maana mle ndani kuna majina, umri na namba za simu za familia nzima za mtaa wetu. Kijana mwenyewe ana ombi lake pia. Anakumbuka yule mhesabuji aliandika jina lake na "L" mahali pa "R," na anataka irekebishwe.

Muhuri wa kupokelewa tuliupata. Leo ni siku ya kumi na mbili.